Mrejesho: michoro kutoka nyaraka za wapenzi wa jinsia moja

Wakuu, niliwauliza nichoreje kutokana na nyaraka za historia ya wapenzi wa jinsia moja bila kuanika sura za watu ambao hawakuridhia. Mlionishauri niache nyuso nishike vitu, ahsanteni, ndiyo njia niliyofuata.

Nimejikita kwenye taasisi ya utafiti wa jinsia ya Magnus Hirschfeld, daktari Mjerumani aliyetetea haki za wapenzi wa jinsia moja, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1919. Mei 1933 Wanazi waliivamia, vitabu vyake vikachomwa hadharani. Sasa utachoraje kumbukumbu iliyogeuka majivu? Nimeacha katikati ya karatasi patupu, pembeni nikapaka mkaa, kingo nikaziunguza kwa mshumaa (fanyieni nje, moshi wake si mchezo). Aliyependekeza rangi za upinde wa mvua anisamehe: bendera ile ya wapenzi wa jinsia moja ilizaliwa San Francisco mwaka 1978, Berlin ya 1933 haikuijua.

Kuhusu ruhusa, hifadhi ya nyaraka kuwa na picha hakumaanishi ina hakimiliki. Mara nyingi haki ni za mpiga picha au warithi wake, kwa hiyo ulizeni mapema.

Barua za mapenzi zilizomo kwenye nyaraka nimeziiga mwandiko tu, maneno hayasomeki. Hapo bado nasita: nimemlinda mwandishi, au nimemnyamazisha tena? Mwenye mawazo aseme.