Mradi wa diploma: mfumo wa mauzo ya duka la jumla, hesabu hazikai sawa

Mwana_Stoo:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo NTA Level 6, mradi wetu ni mfumo wa mauzo wa duka la jumla kwa PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata). Makeshia wawili, kompyuta moja ndiyo seva. Majedwali ninayo matatu: wateja, bidhaa, mauzo. Msimamizi kaurudisha kwa sababu hizi: jumla ya mwezi ni 23,456,789 lakini mfumo unaonyesha 23456800. Nikipandisha bei ya sukari, risiti za mwezi uliopita nazo zinapanda. Makeshia wakiuza kwa pamoja, stoo inasoma -4. Na simu za wateja wote zimekuwa 2147483647. Jumla nimeiweka FLOAT (namba ya desimali ya kukadiria), simu INT (namba kamili). Nianzie wapi? Au nihamie PostgreSQL, ile hifadhidata nyingine?

JedwaliSafi:
Usihame mkuu. PostgreSQL ingekugomea kwenye simu tu, hayo mengine ungehama nayo.

FLOAT ina baiti 4. Namba kamili inazishika bila kukosea mpaka 16,777,216. Ukivuka hapo inaruka mbili mbili. Kwa hiyo 23,456,789 imehifadhiwa kama 23,456,788, halafu MySQL inapoonyesha FLOAT inabakiza tarakimu sita za mwanzo, ndiyo hiyo 23456800 unayoiona. Milioni kumi na sita kwa shilingi ni pesa ya kawaida kabisa duka la jumla. Weka DECIMAL(15,2), aina ya desimali isiyokadiria, unapata tarakimu 13 kabla ya nukta. Ila kubadilisha aina ya safu hakurudishi shilingi iliyokwisha kupotea. Jumla ipige upya kutoka kwenye mauzo yenyewe.

Simu si namba ya kujumlisha wala kugawanya, ni maandishi. INT inaishia 2,147,483,647, na 255 ikifuatwa na tarakimu tisa inapita mbali. Ukianza na 07 nayo, sifuri inaliwa. Tumia VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15. Jiulize pia kwa nini MySQL haikukupa kosa: endesha `SELECT @@sql_mode;` uone kama STRICT_TRANS_TABLES (hali ya kukataa data isiyofaa) ipo. Tangu toleo la 5.7 huwa imewashwa yenyewe, kwa hiyo kwako imezimwa. Iwashe kwenye my.ini (faili la mipangilio la MySQL) kabla hujagusa kitu kingine, maana ikiwa imezimwa hifadhidata inakukatia data kimya kimya.

Mama_Leja:
Suala la bei ndilo zito, na linatoka kwenye majedwali yako matatu. Kijana, chukua risiti halisi ya dukani uiangalie. Juu kuna tarehe, namba, keshia: hivyo vinatokea mara moja. Chini kuna bidhaa tano, kumi, ishirini. Hayo ni majedwali mawili:

mauzo (id, tarehe, mteja_id, keshia_id)
mauzo_mistari (mauzo_id, bidhaa_id, idadi, bei_iliyouzwa, kiwango_vat)

Bei ya sukari iliyoko kwenye `bidhaa` ni bei ya leo. Ile iliyoko kwenye mstari wa mauzo ni bei aliyolipa mteja siku ile, haiguswi tena. Wapo watakaokuambia umerudia data na umevunja 3NF (kanuni ya kutorudia data kwenye majedwali). Hujavunja, ni taarifa mbili tofauti, na siku ya kutetea mradi waeleze hivyo hivyo.

VAT nayo hivyo hivyo. Kenya ilishusha kutoka 16% hadi 14% Aprili 2020, ikairudisha 16% Januari 1, 2021. Mfumo wenye 0.16 ndani ya msimbo ukiombwa nakala ya risiti ya Agosti 2020 unatoa kodi ya uongo.

Jambo moja hukuuliza: usiweke ON DELETE CASCADE kati ya bidhaa na mistari. Keshia akifuta bidhaa iliyoacha kuuzwa, mauzo yake ya miaka yote yanaondoka nayo. Weka RESTRICT, inayozuia kufuta, na kwenye `bidhaa` ongeza safu `inauzwa` yenye 1 au 0.

kufuli_la_mstari:
Kuhusu -4. Bila shaka PHP yako inasoma idadi kwanza, inaangalia kama inatosha, ndipo inapunguza. Keshia wa pili anasoma katikati ya hatua hizo, wote wanaona 3, wote wanauza. Kuangalia na kupunguza viwe amri moja:

START TRANSACTION;
INSERT INTO mauzo ...
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 3 WHERE id = 7 AND idadi >= 3;
INSERT INTO mauzo_mistari ...
COMMIT;

Baada ya UPDATE soma `affected_rows` (idadi ya mistari iliyobadilika). Ikiwa 0, mzigo hautoshi: ROLLBACK (tengua yote tangu START TRANSACTION), mwambie keshia. Risiti yenye bidhaa nyingi zipange kwa id kabla ya kuzipunguza, la sivyo mmoja ameshika sukari anasubiri mchele, mwingine ameshika mchele anasubiri sukari, na MySQL itamkatisha mmoja wao.

MySQL ina injini tofauti za kuhifadhi majedwali; hakikisha yako ni InnoDB (`SHOW CREATE TABLE bidhaa;`). Yakiwa MyISAM, ROLLBACK hairudishi chochote, na umeme ukikatika katikati unabaki na risiti isiyo na mistari.

Mwana_Stoo:
Shukrani wakuu. Swali la mwisho: sabuni inauzwa kwa katoni na kwa kipande. Niweke bidhaa mbili?

Mama_Leja:
Hapana, stoo zitakuwa mbili na hazitakubaliana kamwe. `idadi` ihesabiwe kwa kipande siku zote. Tengeneza jedwali `vipimo` (id, bidhaa_id, jina, vipande, bei): katoni ina vipande 24, kipande ni 1. Kwenye mstari wa mauzo ongeza `kipimo_id` na `vipande_vilivyotoka`; katoni 2 zikiuzwa unapunguza 48. Bei ya katoni iandikwe yenyewe, usiipate kwa kuzidisha bei ya kipande mara 24, maana bei ya jumla haiendi hivyo. Na kiwanda kikileta katoni ya vipande 20, ongeza mstari mpya kwenye `vipimo`, usibadilishe ule wa 24.