Kipimo cha naitroksi kinayumba, 32 au 34?

Swali: Wakuu, meli ya safari za kuzamia, Bahari ya Shamu upande wa Misri. Mtungi mmoja wa lita 12 wa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni: kipimo cha oksijeni kinasoma asilimia 32, dakika moja baadaye 34. Niandike ipi?

Jibu 1: Usiandike yoyote kwanza. Anza na hewa ya kawaida, ukiweke kipimo kwenye 20.9, asilimia ya oksijeni hewani. Kisha fungua valvu kidogo tu, gesi ivume taratibu kama pumzi ya puani. Ukiifungulia kwa kishindo, shinikizo linakibana kihisi na namba inapanda bure. Subiri itulie.

Jibu 2: Kama kilitoka chumba chenye kiyoyozi, kiache sitahani kizoee joto. Unyevu ukikaa juu ya kihisi, namba inashuka. Kisichofika 20.9 kabisa kimechoka, omba kingine.

Jibu 3: Pointi mbili si mchezo. Kwa kikomo cha shinikizo la oksijeni cha baa 1.4, 32 inaishia kina cha mita 33, 34 inaishia 31. Ikiendelea kuyumba, mtungi huo uache. Ikitulia, andika kwenye plasta ya mtungi asilimia, kina, tarehe na jina, kisha uiweke asilimia hiyo kwenye kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi. Pima mwenyewe, hata kama baharia ameshapima.