Mnamfundisha mtoto wa paka kudowea, halafu mnampiga kwa sababu anadowea!

Ndugu zangu, naandika mikono bado inatetemeka. Jana jioni hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mpangaji mwenzangu amempiga mtoto wangu wa paka kwa mwiko. Mwiko wa fufu, ugali wetu, ule mzito. Mapendo ana miezi mitatu tu! Kosa lake ni kupanda mezani na kutia mguu kwenye sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.

Sasa naomba mnijibu: nani alimfundisha kupanda? Paseli yetu, kiwanja tunachoishi, ina nyumba nne na ua mmoja, kila mtu anaona. Wiki tatu mfululizo bwana huyo huyo anakaa uani na sahani yake, anamwita, anamning'inizia sambaza kwa mkia mpaka mtoto asimame kwa miguu ya nyuma. Watoto wanacheka, naye anacheka. Mapendo akaelewa vizuri kabisa kwamba mtu akishika sahani, na yeye ana fungu lake. Jana mgeni amekuja, bwana akaona haya, mwiko ukashuka.

Nilipomwokota, mguu wa mbele alikuwa ameukunja kifuani, hakuukanyagia mpaka usiku. Leo asubuhi nimemwekea chakula, hakuja. Nimemkuta chini ya kitanda nyuma ya kidumu cha maji, yanaonekana macho tu. Nimenyoosha mkono wangu mimi, ninayemlisha, akarudi nyuma.

Hicho ndicho fimbo inachofundisha. Paka hasemi moyoni "nimepigwa kwa sababu ya meza". Anachokumbuka ni mkono na mtu. Kesho ataiba ukishageuka, halafu utasema paka ni mwizi kwa asili!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ameshajua. Yeye na kaka yake Bahati niliwafundisha kwa taratibu. Wanakula kwanza, sisi baadaye: sambaza wa kuchemsha, bila chumvi, saa zile zile, kona ile ile nyuma ya mlango. Akija mezani namshusha. Sipigi kelele, simtazami, simpi hata kichwa cha samaki. Anapanda tena, namshusha tena. Kuna siku nilimshusha mpaka fufu yangu ikapoa. Lakini mwisho wake alikuwa anakaa kwenye mkeka, mkia umezunguka miguu, anatuangalia tunakula mpaka tunamaliza. Nyumba nzima ilikuwa inashika sheria moja, hata mama mkwe. Mtu mmoja wa nje ameivunja kwa kicheko.

Bahati naye alikuwa na shida yake. Akila ananguruma, masikio yamelala, anameza bila kutafuna mpaka anatapika. Watu wakasema ana roho mbaya. Roho mbaya gani? Walikuwa wanakula sahani moja na dada yake, anaogopa kunyang'anywa. Nilipotenga sahani mbili, moja huku na moja kule, kunguruma kukaisha.

Na aliyenipa watoto hawa nina neno naye pia. Alinikabidhi wakiwa na wiki tano, akasema "wanakula tayari, chukua". Mtoto wa paka akae na mama yake walau wiki 8! Pale ndipo anapojifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kuuma kuna mpaka. Nilipolalamika nikaambiwa nina maringo.

Halafu wale wa kusema "tunawapa chakula, hawashibi". Mnawapa nini? Fufu iliyolowa mchuzi, mara moja, usiku. Paka ni mla nyama, na mtoto wa chini ya miezi 6 tumbo lake ni dogo, anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku. Anayewalilia miguuni ana njaa, msimwite mkosa adabu. Na huo mchuzi una kitunguu, nacho ni sumu inayoharibu damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe nayo yanawaharisha wengi wao. Wapeni maji.

Nilipomwendea yule bwana aliniambia paka na sambaza ni desturi ya Bukavu tangu mababu, nisijifanye mzungu. Sambaza wenyewe waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950! Tena hakuna aliyemkataza kumpa samaki. Nilimwomba mara mbili, kwa heshima, amwekee chini kwenye sahani yake badala ya kumning'inizia. Mara zote mbili akasema "ni mchezo tu, mama".

Jioni hii nimemfungia chumbani na sambaza watano. Amekula wawili, na mguu bado anaubeba. Anayemjua daktari wa wanyama hapa Bukavu anayekubali kuangalia paka, siyo ng'ombe na mbuzi peke yake, tafadhali aniandikie usiku huu.