Mnaotunga hakiki za uongo kwenye chemshabongo za filamu, mnatuharibia mchezo

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Huu mchezo wa kubashiri filamu maarufu kwa kusoma hakiki, yaani malalamiko ya wateja walioipa nyota moja mtandaoni, ni mtamu sana, na kuna watu wanauua kwa uvivu.

Jana tumewekewa swali: "Ndefu mno, haina rangi, nimelala." Basi, hakuna kingine. Nikajibu Seven Samurai, ya mwaka 1954, dakika 207, nyeusi na nyeupe. Nikaambiwa nimekosa, jibu ni Schindler's List. Kwa kigezo kipi? Hiyo nayo inazidi saa tatu na karibu yote haina rangi, sawa, lakini maneno ya swali yanazibeba zote mbili, pamoja na nyingine chungu nzima. Nilipohoji, mwenye swali akanijia juu eti sijui filamu. Hapo hakuna cha kubashiri, ni kubahatisha tu.

Utamu wa mchezo huu ni kwamba mteja mwenye hasira ameitazama filamu kweli. Ameona kilekile tulichokiona sisi, ila yeye kimemkera. Anayelalamika kwamba alilipia filamu ya papa na papa mwenyewe haonekani vizuri mpaka saa nzima ipite, huyo ameitaja Jaws bila kuitaja. Na kinachomuudhi ndicho kinachotutisha sisi wengine: wakati wa kurekodi, papa wa mitambo alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg akalazimika kumficha na kutuachia maji na muziki. Mwingine analia kwamba filamu nzima ni wanaume kumi na wawili wamefungiwa chumbani, wanabishana na kufuta jasho. 12 Angry Men, 1957. Mwingine amefura kwa sababu steringi ameuawa bafuni hata nusu ya filamu haijafika, na wote tumekua tukijua steringi hafi. Psycho! Unasoma, unakuna kichwa, mara jina linakujia lenyewe. Raha hiyo ndiyo mnayotunyima.

Hasira ya kweli huwezi kuibuni. The Artist ilipoonyeshwa Liverpool mwanzoni mwa mwaka 2012, kuna watazamaji waliodai warudishiwe pesa kwa sababu hawakujua kwamba ni filamu isiyo na maongezi. Muda mfupi baadaye ikabeba Oscar ya filamu bora. Nani angekaa chini akatunga hilo? Sasa zitazame hizi mnazobuni wenyewe, au mnazoiagiza programu iwatungie: ucheshi ni uleule, mteja ni mjanja kupita kiasi, kila sentensi imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mtu aliyekasirika haandiki hivyo. Anarukaruka, anakosea jina la mhusika, anamlaumu mpaka shemeji aliyemshauri ainunue.

Halafu kuna wanaookota hakiki zisizohusu filamu kabisa. Kasha limefika limepasuka, diski ina mikwaruzo, diski iliyotengenezewa soko la Marekani imegoma kwenye deki ya Ulaya. Nibashiri nini hapo, kampuni ya posta?

Kinachonikera zaidi ya yote ni ninyi mnaomwaga mwisho wa filamu ndani ya swali. Mwaka 1960 Hitchcock, mwongozaji wa Psycho, alitaka kumbi zisimruhusu mtu yeyote kuingia filamu ikishaanza, ili kila mtu aikute kama alivyoipanga. Tukio la bafuni limeshakuwa mali ya wote, hilo sibishi. Lakini muuaji ni nani, bado kuna vijana wanaostahili kulikuta wenyewe, na nyie mnaliandika waziwazi ili swali lionekane gumu. Ni ukatili, na haulifanyi swali kuwa gumu hata kidogo.

Ukileta swali, leta maneno ya mteja kama alivyoyaandika, makosa yake yakiwemo, na yawe na walau kitu kimoja ambacho ni cha filamu hiyo tu. Ficha mwisho. Mtu akitaja filamu nyingine inayoingia kwenye maneno hayohayo, mpe pointi yake bila matusi. Na kama huwezi kusema hakiki uliyoleta umeitoa wapi, usiilete.