MREJESHO: Kilo ngapi za risasi kwa kuzamia Malta?

Wakuu, narudi na mrejesho. Swali lilikuwa: aliyezoea kilo 4 za risasi (vipande vya madini vizito vya kumsaidia mzamiaji kuzama) Unguja, kwa suti ya mpira ya milimita 3 na mtungi wa hewa wa alumini, abebe ngapi Malta mwezi wa tano akivaa suti ya milimita 7?

Jibu lililofanya kazi ni kilo 6. Wengi hudhani chumvi ndiyo inayobadilisha hesabu. Kweli Mediterania ina chumvi zaidi, kama gramu 38 kwa kilo ya maji dhidi ya 35 huku kwetu, lakini kwa mtu na vifaa vyake vyenye ujazo wa lita 100 hiyo ni robo kilo tu. Kinachokunyanyua ni suti nene: ongeza kilo 4 hadi 5. Kisha punguza 2 hadi 3 ukipewa mtungi wa chuma wa lita 12, kwa sababu wa alumini huanza kuelea ukikaribia kuisha, wa chuma hauelei.

Pimeni mwisho wa mbizi, siyo mwanzoni. Geji ya mtungi ikisoma baa 50 (kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki), simama kina cha mita 5, toa hewa yote kwenye jaketi (la kujaza hewa ili uelee), pumua kawaida. Ukitulia hapo bila kupanda wala kuzama, umepatia. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2. Ndio uzito wa hewa utakayoitumia.

Tafadhali msizidishe risasi. Kwenye Um El Faroud, meli iliyozamishwa Malta, mchanga uko kina cha kama mita 36. Huko suti hubanwa na kuelea kidogo, risasi ikizidi unajaza jaketi hewa nyingi, na hewa hiyo hutanuka ukipanda na kukurusha juu. Mita 10 za mwisho ndizo hatari zaidi.