Moyo uliosimama ukidunda tena ndani ya mashine, mwenyewe alikuwa amekufa kweli?

Mchumbageni: Wakuu, msimamo wangu: kifo kikishathibitishwa, moyo wa marehemu kudunda tena mashineni hakumfanyi daktari muuaji. Mnaopinga njooni.

Kwa wasiofuatilia, moyo wa kupandikizwa huwekwa kwenye barafu, na una kama saa 4 tu kabla haujaharibika. Siku hizi kuna mashine yenye pampu, hita na kifaa cha kutia oksijeni. Inazungusha damu ya marehemu mwenyewe kwenye mishipa ya moyo kwa joto la karibu nyuzi 34, na moyo unadunda humo humo ukiwa safarini. Faida si muda peke yake. Moyo wa kwenye barafu umelala, huwezi kujua mzima au mbovu. Huu unapimika: wanachota damu kidogo, wanaangalia laktiki (asidi inayozidi misuli ikikosa oksijeni) inapanda au inashuka, ndipo wanaamua. Ndivyo Sydney mwaka 2014 walivyopandikiza mioyo iliyokuwa imeshasimama kifuani, ambayo kwa miaka mingi madaktari waliikataa.

Binti Makorora: Kaka, umeruka palipo pagumu. Uingereza wanasubiri dakika 5 tu baada ya moyo kusimama, ndipo wanathibitisha kifo. Kama unawaka kwenye boksi, mbona wasiuwashe kifuani mwake?

Mchumbageni: Kwa sababu dada, ubongo wa huyo ulishaharibika vibaya, na uamuzi wa kumwondoa kwenye mashine ya kupumulia ulishapita kabla ya habari ya moyo kuingia. Ukiuwasha kifuani utapata mapigo, mtu humpati.

Mzee wa Baraza: Na msikimbilie kusema dini imekataza. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walikaa Jeddah 1988, wakaruhusu kiungo cha maiti kimwokoe aliye hai, kwa idhini yake alipokuwa hai au ya warithi wake. Shida naiona kwenye mazishi. Hapa Tanga mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Nani atawaambia watu waliokwisha kuchimba kaburi kwamba maiti bado iko chumba cha upasuaji?

Fundi Pongwe: Mashine ya nini, wakati watoto wanaharibikiwa valvu za moyo kwa mafindofindo ambayo penisilini ingetibu?

Mchumbageni: Fundi, hiyo ni bajeti, na nakuunga mkono. Anzisha mada yake.

Binti Makorora: Haya, nijibuni hili. Kijana wa bodaboda kaletwa hospitali ya Bombo usiku, hajitambui. Mkewe yuko Muheza, mama mzazi Lushoto, na hawasikilizani. Nani anatia saini?

Mchumbageni: Hapo hapana saini. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, lakini mtoaji ni ndugu aliye hai, anakubali kwa kinywa chake. Wa moyo hawezi kuulizwa siku ile. Kama hakuwahi kutamka akiwa mzima, kwangu asiguswe, hata mke na mama wakikubaliana.

Mzee wa Baraza: Basi mwanangu, mashine yako itakaa tupu.

Mchumbageni: Na ikae, Mzee.