Huey Long: kwa nini alichelewa kwenda Seneti?

Swali
Wakuu, naomba mnitoe tongotongo. Nasoma habari za Huey Long, gavana wa Louisiana. Alishinda useneta Novemba 1930, lakini akaapishwa Washington Januari 1932. Muda wote huo kiti kilikuwa na nani? Au alikuwa anakula mishahara miwili?

Jibu
Hakuna aliyekikalia, mkuu. Muda wa Joseph Ransdell, seneta aliyekuwa na kiti hicho, uliisha Machi 1931, na Long hakwenda kuapa, kwa hiyo alibaki gavana tu. Walipolalamika, akawajibu kwa kejeli kwamba hata Ransdell alipokuwemo kiti kilikuwa kitupu.

Kilichomzuia ni naibu wake, Paul Cyr, daktari wa meno. Waliingia madarakani pamoja 1928, wakaishia kuwa paka na panya. Long akiondoka, Cyr ndiye anayerithi. Oktoba 1931 Cyr uvumilivu ukamwishia, akala kiapo cha ugavana kwa hoja kwamba Long ameshakuwa seneta. Hapo ndipo alipojimaliza! Long akaita askari wa jimbo walinde ofisi, kisha akamgeuzia kibao: umeapa kuwa gavana, ugavana si wako, na unaibu umeshauacha. Nafasi ikaenda kwa Alvin King, aliyeongoza seneti ya jimbo. Mahakama hazikumwokoa Cyr. King alipokuwa tayari kushika ugavana, ndipo Long akaenda Washington.

Muulizaji
Aisee! Kwa hiyo jimbo akaliachia hapo?

Jibu
Aliachie wapi! Mei 1932 akaingia O.K. Allen, rafiki yake wa kwao Winnfield. Gavana wa kutia saini.

Mchangiaji mwingine
Mnamchora kama jambazi. Vitabu vya shule vya bure mmevisahau? Barabara na madaraja je?

Jibu
Vitabu alileta, hilo silibishi, na maskini walimpigia kura kwa sababu za msingi. Ila 1934 na 1935 alikuwa anazunguka ndani ya bunge la jimbo, ambalo yeye si mjumbe wake, akiwaelekeza wapige kura vipi, na miswada inapita kwa dakika. Seneta wa Marekani huyo! Hata alipopigwa risasi, tarehe 8 Septemba 1935, alikuwa kwenye korido ya jengo la bunge Baton Rouge, kikao maalumu kikiendelea. Sasa niambie, Allen alikuwa anatawala nini?